Akiacha mkorogo uso unawaka moto, anarudia. Huu ni uraibu?

Swali: Mdogo wangu ana miaka 27, ameolewa na ana mtoto wa mwaka na nusu. Anajichubua tangu akiwa na miaka 20, mkorogo wa uso na wa mwili. Ameshajaribu kuacha mara tatu. Kila akiacha, wiki haiishi uso unawaka moto, unavimba, unatoa vipele, halafu anakuwa mweusi kuliko alivyozaliwa. Anarudi kwa dada wa saluni. Mumewe anasema hana msimamo. Je, huu ni uraibu? Tumwachisheje bila kumdhuru?

Jibu: Dada, rudia kusoma ulichoandika: wiki haiishi uso unawaka moto. Hiyo si tabia ya mtu, ni dalili ya ugonjwa. Ngozi iliyopakwa steroidi kali kwa miaka saba ikinyimwa ghafla, inafanya hivyo hivyo kwa mtu yeyote, mwenye msimamo na asiye nao. Upande wa akili upo pia, na tutaufikia, lakini ukianza na msimamo kabla hujashughulikia ngozi, atashindwa mara ya nne kama alivyoshindwa zile tatu.

Tuanze na kilichomo koponi. Mkorogo hauna fomula moja, kila saluni ina wake, ila vitu vitatu hujirudia. Cha kwanza ni steroidi kali, mara nyingi klobetasoli ya asilimia 0.05 au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za pumu ya ngozi na soriasisi. Hubana mishipa ya damu, hutuliza uvimbe na hupunguza utengenezaji wa rangi, ndiyo maana wiki za mwanzo ngozi inang'aa, chunusi zinatulia, na kila mtu anamwambia amependeza. Cha pili ni haidrokwinoni, inayozuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Cha tatu ni zebaki, hasa kwenye sabuni na krimu zisizo na anwani ya kiwanda.

Tofauti hii ina maana kwenye kuacha. Haidrokwinoni na zebaki huachwa siku hiyo hiyo. Kuziacha ghafla si hatari kwa mwili, ingawa rangi inaweza kurudi kwa nguvu. Steroidi iliyopakwa mwili mzima kwa miaka haiachwi ghafla, hupunguzwa. Na kwa kuwa vyote viko kwenye kopo moja, huwezi kupunguza mkorogo kidogo kidogo ukadhani unapunguza steroidi, maana unaendelea kumpaka zebaki na hujui steroidi ni kiasi gani. Kopo linasimama. Badala yake daktari anaandika steroidi inayojulikana jina na nguvu, na hiyo ndiyo inayoshushwa ngazi kwa ngazi. Hapa ndipo wengi wanaojiachisha nyumbani wanapokwama: ama wanaacha vyote kwa siku moja, ama wanapunguza kopo lile lile.

Nguvu ya kinachopakwa watu huidharau kwa sababu "ni ya kupaka tu". Piga hesabu. Dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye tyubu, kuanzia mkunjo wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi nchani, ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mwili mzima unataka vipimo kama 40, yaani gramu 20. Klobetasoli ina ukomo: isizidi gramu 50 kwa wiki, isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni haitakiwi kabisa. Mtu anayekorogea tyubu nne za gramu 30 kwenye losheni yake na kuimaliza kwa wiki mbili anapata gramu 60 kila wiki. Hiyo ni juu ya ukomo, tena kwa miaka, kwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba ambayo inapitisha dawa zaidi ya ngozi nzima.

Ikishapita inaingia kwenye damu. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo mbili zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na sukari, hasa mwili unapopata msukosuko. Zikiona steroidi tele inatoka nje, zinaacha kufanya kazi. Ukiondoa ile ya nje kwa ghafla, mwili unabaki bila hii wala ile. Kwa hiyo, kabla ya kuachisha, muulize mdogo wako haya: anachoka kupita kiasi? Anapata kizunguzungu akisimama? Kichefuchefu, kupungua hamu ya kula, kutetemeka akikaa na njaa? Na akiwa bado anapaka, je, uso umekuwa wa duara, tumbo limejaa huku miguu imekonda, presha au sukari imepanda, hedhi imevurugika? Akijibu ndiyo kwa mawili matatu, asiguse ratiba yoyote kabla ya kumwona daktari.

Kipimo ni kotisoli ya damu, ichukuliwe kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, kwa sababu wakati huo ndio homoni hii huwa juu. Ikichukuliwa mchana majibu hayana maana, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyostahili. Saa 24 kabla ya kipimo asipake, ila siku hiyo moja daktari ndiye aipange. Zaidi ya 300 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita, tezi zinafanya kazi. Chini ya 150, bado zimelala, na huenda akapewa vidonge vya haidrokotisoni kwa muda huku zikiamka. Katikati ya hapo, anaendelea polepole na anapimwa tena. Akitapika mfululizo, akalegea, akachanganyikiwa au akazimia wakati wa kuacha, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza mnalomwambia daktari ni "alikuwa anapaka steroidi mwili mzima."

Ngozi yenyewe, daktari ataisoma hata kabla ya kuuliza. Viungo vya vidole, viwiko, magoti na masikio hubaki vyeusi wakati uso umekuwa mwekundu. Watu wa mtaani huita hali hiyo Fanta na Coca-Cola. Michirizi mipana hutokea kwapani, kwenye mapaja na matiti. Mishipa midogo ya damu inaonekana mashavuni, vinywele vinaota kidevuni, vipele ni vidogo na vinafanana vyote. Akijigonga kidogo anapata alama, na kidonda hakifungi haraka. Kwenye mifupa ya mashavu kukiwa na madoa ya rangi ya samawati na kijivu yenye vichuguu vidogo ukipitisha kidole, hiyo ni okronosisi, kazi ya haidrokwinoni, na watu wengi huongeza mkorogo ili kuyafuta. Ndivyo yanavyozidi.

Jambo moja la kupima mapema ni fangasi. Steroidi hutuliza muwasho wa fangasi bila kuwaua, kwa hiyo wanasambaa kimya kimya, mara nyingi kiunoni na mapajani, bila ule mduara tuliouzoea. Daktari akwangue ngozi na kuitazama kwa darubini kabla ya kuanza ratiba. Upele wa kuambukizana wa familia nzima nao hujificha hivyo hivyo. Bila hilo, steroidi ikishuka muwasho unalipuka, na kila mtu anasema "unaona, ngozi yake haiwezi kukaa bila mkorogo."

Sasa ratiba. Ninayoitaja ni mfano wa namna inavyofanywa, ili ujue cha kutarajia kliniki, si ya kununua dukani na kujipangia. Mwilini, mtu aliyetumia klobetasoli kwa miaka hushushwa kwanza kwenye steroidi ya nguvu ya kati, mara moja kwa siku kwa wiki mbili. Kisha siku moja anapaka, siku moja anapumzika, wiki mbili nyingine. Halafu anashushwa kwenye haidrokotisoni ya asilimia 1, nayo vivyo hivyo: kila siku, kisha siku moja anapaka na siku moja anapumzika, kisha mara mbili kwa wiki, basi. Yote huchukua miezi miwili au mitatu. Uso hauongozwi na ratiba ya mwili. Usoni steroidi kali husimama, anapewa haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda mfupi, au takrolimusi ya kupaka, ambayo si steroidi na haipunguzi unene wa ngozi. Takrolimusi huchoma siku za mwanzo; asipoambiwa, ataitupa siku ya pili. Vipele vyenye usaha huongezewa doksisaiklini ya kumeza kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Kama ana mimba au ananyonyesha, aseme kabla, apewe eritromaisini.

Hata ratiba ikiwa nzuri kiasi gani, uso utachafuka, na hili aambiwe kabla halijamkuta. Siku chache hadi wiki mbili baada ya steroidi kali kusimama, uso unakuwa wa moto, unabana, unavimba chini ya macho. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Unaonekana kama weusi wenye zambarau au kijivu, ndiyo maana wengi hudhani wameungua. Kisha vipele, kisha magamba. Mawimbi haya huja na kuondoka kwa wiki kadhaa, na kwa aliyetumia miaka saba yanaweza kuvuka miezi mitatu. Kwa kawaida kila wimbi huwa dogo kuliko lililotangulia, lakini huwezi kuliona hilo ukijitazama kila saa. Apigwe picha moja kwa wiki, mahali pamoja, dirisha lile lile, asubuhi. Zile picha ndizo zitamwonyesha.

Weusi wa baadaye nao una sababu. Seli za rangi zilizozuiwa zinafunguliwa zikiwa na uvimbe na jua juu yake, zinamwaga rangi kupita kiasi. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita hivi inaanza kushuka kwenye rangi yake halisi. Akipaka chochote cha kung'arisha katikati ya hapo, saa inaanza upya.

Kwa uso unaowaka, fanya machache. Kitambaa safi cha pamba kilicholowekwa maji ya baridi, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. Barafu isigusishwe ngozi moja kwa moja. Aoshe uso kwa maji matupu ya uvuguvugu au sabuni isiyo na manukato mara moja kwa siku, kisha mafuta ya mgando yasiyo na harufu, tabaka jembamba, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mchana losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, ya urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, arudie kila saa mbili akiwa nje. Zile zenye rangi, zilizowekwa oksidi ya chuma, zinafaa zaidi kwa sababu zinazuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Kama bei haishikiki, mtandio mzito na mwavuli vinafanya kazi kubwa kuliko losheni iliyopakwa kwa kubania. Limao, magadi, kusugua na chumvi, "seramu za asili" za mtandaoni: hapana. Krimu isiyoorodhesha vilivyomo, lakini inang'arisha ndani ya wiki, mara nyingi ina steroidi, iwe imeandikwa ya asili au ya Mungu. Na sindano au dripu za kung'arisha zinazouzwa saluni zisiwe mbadala. Hizo zinaingiza kitu kwenye mshipa bila kupita kwa daktari.

Sasa swali lako la uraibu. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofanya kinyume cha mdogo wako: wanalala kwenye mashine za miale ya jua ili ngozi iwe kahawia, na baadhi yao hawawezi kuacha, ingawa tangu mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka mashine hizo kundi moja na tumbaku. Watafiti wa huko walichukua maswali manne ya kutambua uraibu wa pombe wakayageuza kwa ajili yao, nayo yanafaa hapa. Umewahi kuona inabidi upunguze? Watu wakikugusia, unakasirika? Unajisikia hatia baada ya kupaka? Ukiamka, jambo la kwanza unalowaza ni kupaka? Ndiyo mbili au zaidi ni sababu ya kutazama kwa makini. Ongeza yetu: anaficha kopo, anachota pesa ya chakula, hawezi kusafiri bila mkorogo, haendi msibani siku ulipomwishia.

Tofauti iko hapa. Wale wa mashine, miale yenyewe hufanya ngozi itoe kemikali ya raha, jamii ya zile za dawa za kulevya. Kwenye majaribio, waliopewa dawa ya kuizuia kemikali hiyo baadhi walipata kichefuchefu na kutetemeka kama mtu aliyenyimwa. Mkorogo hauna raha hiyo. Kinachomrudisha mdogo wako ni ngozi inayochoma na hofu ya kuonekana, na vyote viwili vinatulia ndani ya saa chache akipaka. Kwa hiyo ndiyo, anaweza kuwa na uraibu, lakini dawa yake si kumfungia kopo kabatini. Ni kumwondolea moto wa uso na kumpunguzia bei ya kuonekana akiwa hivyo alivyo.

Hiyo bei ndiyo familia inayoweza kuishusha. Wiki ya tatu mtu atamwambia, "Umekuwa mweusi, unaumwa?" Sentensi hiyo moja imerudisha wengi saluni. Mkubaliane jibu fupi tangu leo: "Niko kwenye dawa ya ngozi." Asieleze zaidi. Mume aache kusema msimamo. Badala yake ampake mafuta mgongoni asikofika na amsindikize kliniki. Nyumbani msimsifie weupe wa mtu yeyote kwa miezi hiyo, hata wa mtoto. Kioo kikubwa, mara mbili kwa siku na kwa umbali wa mkono. Kamera ya simu yenye kuchuja sura ifutwe. Tarehe ya kuanza isiwe karibu na harusi au kitchen party. Ibaki miezi miwili angalau kabla ya sherehe, la sivyo ataivunja ratiba na mtamlaumu bure.

Kama anatumia zaidi ya saa moja kwa siku akiwaza sura yake, anajificha watu, au anasema bora kufa kuliko kurudi alivyokuwa, hapo si ngozi tu tena. Kuna ugonjwa wa kuona kasoro ya mwili isiyoonekana na wengine, na unatibika kwa tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na vitendo, pamoja na dawa kama fluoksetini. Dawa hiyo hupimwa matokeo baada ya wiki 12 hivi, si mbili. Maneno ya kutaka kufa hayasubiri miadi.

Nimeacha zebaki mwisho kwa sababu ya mtoto. Zebaki haibaki kwenye ngozi ya mama. Inahamia taulo, shuka, mto, na mtoto anayelala kifuani anaivuta na kuilamba. Figo ndizo huumia kwanza: uso na miguu kuvimba, mkojo wenye povu lisiloisha. Katika ripoti ya mwaka 1972 kutoka Nairobi, zaidi ya nusu ya watu wazima waliolazwa Hospitali ya Kenyatta kwa ugonjwa huo wa figo kuvujisha protini walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha. Mama na mtoto wapimwe mkojo kwa kijiti cha protini, kipimo rahisi kilichopo hata kituo cha afya. Hospitali kubwa ndiyo itapanga kipimo cha zebaki yenyewe. Ukiona kwenye lebo "mercury", "mercurous", "calomel" au "mercurio", hakuna mjadala. Lebo isipoyasema haimaanishi haimo, maana aliyeiweka anajua ni marufuku. Taulo na shuka zifuliwe kando, zile za zamani zitupwe. Kopo lifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na lipelekwe kliniki. Lisichomwe, kwa sababu zebaki ikipata moto inakuwa hewa ya sumu, wala lisimwagwe chooni.

Pa kwenda: kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Mikoani waulizie maofisa tabibu waliosomea ngozi kwenye kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Kesi hizi wanazijua. Abebe makopo yote, hata matupu, na maboksi ya tyubu kama dada wa saluni atayatoa.

Madoa ya okronosisi, kama yapo, mengine yatabaki. Miale ya leza husaidia baadhi, hufanya wengine wawe na madoa zaidi, na isifikiriwe kabla ngozi haijatulia mwaka mzima. Katika mwaka huo huo, kila akilazwa, akitakiwa kufanyiwa upasuaji au akienda kujifungua, amwambie daktari na mtu wa usingizi kwamba alipaka steroidi mwili mzima na lini aliacha, hata kama kotisoli yake ilikuwa nzuri mara ya mwisho. Wanaweza kumpa haidrokotisoni ya kumkinga siku hiyo, na mshonaji atajua ngozi anayoishona inachanika upesi.